Mstari wa Kumi na Mbili

Mgeni hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa bega, kama mtu aliyezoea milango inayogoma, akaingia na viatu vyake vizito vya kazi na kusimama katikati ya chumba ambacho, kwa kweli, hakikuwa na katikati. Mpaka mwaka uliopita chumba hicho kilikuwa stoo ya magongo ya wagonjwa. Sasa kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani, viti viwili, na binti wa miaka ishirini na minne aliyekuwa na ndizi mdomoni.

"Karibu," binti alisema, akilisukuma ganda chini ya daftari. "Una namba ya miadi, dada?"

"Sina namba. Nina hii."

Mgeni akaweka karatasi mezani. Ilikuwa imekunjwa mara nane, kingo zimeota manyoya, herufi zimenenepa kama herufi za kopi iliyotolewa kwenye kopi nyingine. Binti aliitambua papo hapo, kama mzazi anavyomtambua mwanawe katikati ya watoto mia tatu wenye sare moja.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi," alijibu, na hakuweza kuzuia tabasamu.

"Basi nimekupata," alisema mgeni, akaketi. Lakini aliketi kwa tako moja, taratibu, kama anayeketi juu ya jiko ambalo huenda bado lina moto.

Hospitali nzima ilimjua binti huyu kwa jina la Mwalimu Kaza. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na katika viungo vyote alichagua vile ambavyo wenzake chuoni walivitaja kwa kucheka: misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na kizazi kama machela inavyobeba majeruhi. Wanawake wakijifungua, machela ile hulegea au huchanika. Wanawake wanaokimbia, wanaobeba mizigo, wanaoruka, hupata matatizo yaleyale, na wote husema neno lilelile: ni kawaida. Mwalimu Kaza hakukubali kwamba ni kawaida mtu kuogopa kupiga chafya. Ndiyo maana aliandika ile karatasi. Juu iliandikwa KAZA, MAMA. Chini yake mistari kumi na mmoja ya maelezo. Pembeni mchoro wa mwanamke anayekimbia huku anacheka, aliouchora mwenyewe kwa jioni tatu.

Karatasi ilitembea kuliko mwandishi wake. Ilitoka wodi ya wazazi ikaingia saluni, ikafika sokoni, kwenye timu ya mpira wa wavu, kwenye vyoo vya kiwanda. Matroni, mkuu wa huduma za wazazi, aliipenda mpaka akaipeleka kwenye kamati. Kamati ikaweka saini sita. Wageni wa shirika fulani wangekuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuiona ikifundishwa. Wakiridhika, wangeichapa iwe mabango ya kliniki zote. Na mkataba wa Mwalimu Kaza, ambao ulikuwa wa muda, ungeisha Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

"Bango likipita, unaajiriwa na chumba kinabaki," Matroni alimwambia. "Lisipopita, magongo yanarudi. Sijui niseme vipi uelewe zaidi."

Alikuwa ameelewa.

"Kazini wananiita Ngazi," mgeni alijieleza. Urefu wake haukuhitaji maelezo zaidi. Alikuwa askari wa zimamoto, mwanamke pekee katika zamu yake, na mama wa mtoto wa miezi tisa. "Niliporudi kazini nikawa nikiruka kutoka kwenye gari, maji yananitoka. Kazi yangu ni kumwaga maji, sikatai, lakini si haya."

Mwalimu Kaza akacheka. Ngazi hakucheka.

"Wifi yangu akaniletea karatasi yako. Alipewa saluni, wameibandika kwenye kioo. Nikasema hii ndiyo dawa. Mimi nikipewa amri naitekeleza, mdogo wangu. Nimekaza nikipika, nimekaza nikinyonyesha, nimekaza kwenye gari tunakwenda kwenye tukio. Miezi minne. Hata sasa hivi tunavyoongea nimekaza."

"Na hali ikoje?"

"Mbaya kuliko mwanzo. Nikienda chooni nasubiri mkojo kama nasubiri mgeni asiyefika. Nikitoka, unanifuata. Kukaa kunauma. Kwa mume wangu ndiyo usiniulize kabisa." Akaitazama dari. "Baada ya wiki tatu kuna jaribio. Mipira miwili ya maji begani, ghorofa tano za mnara wa mazoezi kupanda na kushuka, halafu unaruka ukuta. Nikishindwa, napelekwa kupokea simu. Nitakaa kwenye kiti nikiwaambia wenzangu moto uko wapi."

Wazo la kwanza la Mwalimu Kaza, na baadaye alijionea haya kwa wazo hilo, lilikuwa kwamba huyu mama hakuwa akifanya sawasawa. Akamwomba ruhusa ya kumpima. Akafunga pazia, akavaa glavu, akamweleza kila hatua kabla ya kuifanya. Alitarajia kukuta misuli iliyochoka, iliyolegea kama mfuko wa kanga uliochakaa. Alikuta ngumi.

"Legeza, dada."

"Nimelegeza."

"Bado."

"Nimelegeza, nakwambia!"

Hakuwa amelegeza. Hakujua tena kulegeza ni kupi.

Walipokaa tena, Mwalimu Kaza alimwambia akunje ngumi ya mkono wa kulia, aikaze kwa nguvu zote na asiiachie. Kisha akaanza kumuuliza maswali ya kawaida: mtoto alizaliwa na uzito gani, yeye alishonwa nyuzi ngapi, analala saa ngapi. Yalipita maswali kumi na tano. Vifundo vya vidole vya Ngazi vikapauka.

"Sasa okota pini hii."

Vidole vilifunguka kwa kutetemeka kama vya bibi kizee. Pini iliteleza mara mbili, ikaanguka sakafuni.

"Ndivyo ilivyo huko chini," Mwalimu Kaza alisema taratibu. "Ukiruka, ile misuli inatakiwa idake. Lakini haiwezi kudaka kitu, kwa sababu miezi minne haijafungua mkono. Msuli haupati nguvu kwa kukaza tu. Unakaza, unaachia, unapumzika, ndipo unakaza tena."

Ngazi akaitazama ile pini sakafuni. Kisha akavuta karatasi, akaigeuza ielekee kwa mwandishi wake.

"Nionyeshe palipoandikwa."

Nje toroli la dawa lilipita likilia gurudumu moja.

Mwalimu Kaza hakuhitaji kusoma. Mstari wa tatu: kaza kama unayezuia mkojo. Wa nne: hesabu mpaka kumi. Wa tano: rudia. Wa sita: popote ulipo, kwenye foleni, jikoni, kazini. Wa kumi na moja: usichoke, mama. Ulikuwapo na wa kumi na mbili: kisha legeza kabisa, kwa muda uleule uliokaza, na ukisikia maumivu acha, uje tukupime. Lakini Matroni alisema ukurasa uwe mmoja, na mchoro ulikuwa umekula nafasi. Ama mstari utoke au mwanamke anayekimbia atoke. Alikumbuka hata alivyojiambia siku ile, kalamu mkononi: nani asiyejua kulegeza?

"Haupo," alisema. "Niliukata. Mchoro haukuenea."

Alitegemea kutukanwa. Ngazi alitikisa kichwa tu, polepole.

"Mchoro wenyewe mzuri," alisema. "Sasa sikiliza. Nitibu, nitakuja hata mara nne kwa wiki. Lakini wifi yangu bado anakaza. Aliyempa bado anakaza. Niahidi utawaambia wote kwamba karatasi ina kasoro. Mbele za watu, si kwa kunong'ona. Na ile ya kioo cha saluni uibandue kwa mkono wako."

"Nakuahidi."

"Lini?"

"Kabla ya mwezi kwisha."

Ni rahisi kuahidi mwezi ukiwa na siku nyingi mbele.

Matibabu yalianza na kitu ambacho Ngazi alikiita dharau: kulala chali na kupumua. Mwalimu Kaza alimwagiza amlaze mwanawe juu ya tumbo, nyumbani, na kuhakikisha mtoto anapanda na kushuka kama mashua ya karatasi kwenye beseni. Ikiwa mtoto hapandi, pumzi imekwama. Siku ya pili Ngazi alirudi na ripoti kwamba mtoto alisinzia na mama naye akasinzia, na ugali ukaungulia kwenye sufuria. Siku ya nne akasema ameacha kusaga meno, mumewe ndiye aliyegundua. Wiki ya pili mkojo ukaacha kusubiriwa.

"Kulegea ni kazi ngumu kuliko kumshusha mtu mzima dirishani," alilalamika, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameketi kwa matako yote mawili.

Kisha, kila alipokuwa akifunga kamba za viatu, aliuliza bila kuinua uso: "Umeshasema?"

"Bado, dada."

Hakuwa amekaa bure. Alikwenda kwa Matroni kuomba mstari mmoja uongezwe. Matroni alivua miwani.

"Mwanangu, ile karatasi ina saini sita. Ukiongeza hata nukta, inarudi kwenye kamati, na kamati inakaa baada ya miezi mitatu. Wewe una siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi umejijibu. Ichapwe kwanza. Tutarekebisha toleo la pili."

Nyumbani alimweleza mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu darasa la tano na kumsomesha kwa sindano na uzi. Mama mdogo alikuwa ameibandika ile karatasi ukutani, juu kidogo ya cherehani, na kila mteja aliyekuja kupimwa nguo alisomewa, atake asitake: mwanangu huyo. Alisikiliza akiwa anashona, kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo ni kama uzi wa cherehani. Ukikaza mno unakatika."

"Ndivyo, mama."

"Na ukilegeza mno unafanya vifundo." Akafikiri. "Kosa ni kosa. Lakini na wewe, Alhamisi wageni waje, waandike, waondoke. Useme Ijumaa. Ukweli si samaki, mwanangu, hauozi kwa siku moja."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na Mwalimu Kaza akalala nayo kama mto. Ijumaa nayo ilikuwa ndani ya mwezi. Ahadi ingekuwa imetimizwa, tena bila hasara. Tatizo ni kwamba Ijumaa mabango yangekuwa yamekwisha kukubaliwa, na yeye alijua hivyo.

Jumanne Ngazi aliingia kwa bega lile lile, hajavua hata kofia ya kazi.

"Nimepita!"

Alisimulia akiwa amesimama. Ghorofa ya tatu alisikia ule mkazo wa zamani huko chini ukianza, akatua mipira sakafuni, akasimama, akapumua mara tano, akalegeza. Wenzake huko chini wakapiga kelele: Ngazi imeota kutu! Akapandisha mipira tena begani. Alikuwa wa mwisho katika zamu nzima, sekunde tisa tu ndani ya muda. Akaruka ukuta. "Mkavu," alisema, akijipiga paja. "Mkavu kama mkate wa juzi."

Mwalimu Kaza alimkumbatia. Na hapo hapo, ndani ya furaha, sauti ndogo ikamwambia: unaona? Amepona. Nani sasa anahitaji useme?

Ngazi alimtazama usoni kama anayetazama moshi kujua unatoka chumba gani.

"Umeshasema?"

"Alhamisi kuna wageni, dada. Mkataba wangu..."

Akamwambia yote, mkataba, saini, magongo. Ngazi akaivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Sikujua," alisema. "Mimi siwezi kukulazimisha upoteze kazi. Mimi nimepita, nimebaki na kazi yangu, nitakuwa na mdomo gani?" Akafika mlangoni, akageuka. "Ila ahadi sikuidai kwa ajili yangu."

Alhamisi, kliniki ya watoto ilijaa mpaka veranda. Akina mama walikaa kwenye mabenchi marefu wakisubiri mizani, watoto mapajani. Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke mwenye jalada la bluu. Bango la mfano lilisimamishwa mbele, limefunikwa shuka, na Matroni alikuwa amevaa viatu vyake vya sherehe.

Shuka likavutwa. Mwanamke anayekimbia akatokea, mrefu kama mlango, akicheka. Makofi yakapigwa. Mwalimu Kaza akachukua fimbo ya kuonyeshea na kuanza kusoma, na akina mama wakafuata, maana wengi walikuwa na karatasi zao tayari, kwenye pochi, kwenye kadi za kliniki.

"Mstari wa tatu. Kaza."

Wakakaza.

"Wa nne. Hesabu mpaka kumi."

Na hapo ndipo alipowatazama. Kwa miezi yote aliyoisambaza karatasi hakuwahi kuwatazama wakiifuata kwa pamoja. Wanawake wa mabenchi sita walikuwa wamebana pumzi. Midomo ilihesabu kimyakimya. Mabega yamepanda masikioni. Katika benchi la mbele mama mmoja kijana alikuwa amesimamisha mishipa ya shingo, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya kandambili, na mtoto wake alikuwa amekoma kunyonya, anamkodolea macho kutoka chini kama anayemuuliza kuna nini.

Kumi ikafika. Hakuna aliyeachia. Walikuwa wakimsubiri yeye aseme mstari wa tano.

Alitazama mstari wa tano. Rudia.

"Legezeni," alisema.

Hakuna aliyesogea. Baadhi walitazama bango, wakatafuta neno hilo, hawakuliona.

"Legezeni, mama zangu. Achieni kabisa."

Yule mama kijana wa mbele akainua mkono, kama yuko darasani. "Kwani inaruhusiwa?"

Kicheko kikapita mabenchini, lakini Mwalimu Kaza hakuweza kucheka. Akaweka fimbo chini.

"Inaruhusiwa. Ilitakiwa iandikwe hapa, na sikuiandika. Karatasi hii niliitunga mimi, na nilikata mstari wa mwisho ili picha yangu ienee. Kosa ni langu, si la Matroni wala la kamati. Kuna dada aliifuata kama ilivyo kwa miezi minne, akaumia. Mwenye maumivu, mwenye kusubiri mkojo, mwenye kuona hali inazidi, aache kukaza leo, aje apimwe. Na wengine, kila mkikaza, mlegeze kwa muda uleule. Mwambieni na aliyewapa."



Mwanamke mwenye jalada la bluu alimtazama kwa muda, kisha akalifunga. "Basi tusubiri kamati," alimwambia Matroni kwa adabu. "Hatuwezi kuchapa kitu ambacho mwandishi wake amekikana."

Matroni alipita karibu na Mwalimu Kaza akiwasindikiza wageni. "Unajua ulichofanya?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Hujui. Miezi mitatu chumba hakitakungoja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka, aliyekuwa amehangaika kukipata chumba hicho kwa miaka mingi kabla binti huyu hajamaliza shule. Hilo liliuma zaidi.

Alipogeuka, yule mama kijana alikuwa amesimama mbele yake na karatasi mkononi. "Niandikie huo mstari hapa chini." Nyuma yake mwingine. Nyuma ya huyo, foleni. Mwalimu Kaza aliandika akiegemeza karatasi kwenye mizani, kwenye paja, kwenye mgongo wa aliyetangulia, mpaka kalamu ikaisha wino akaazima nyingine. Watano walimnong'oneza kwamba na wao kukaa kunawauma. Aliwapangia wote Ijumaa, siku yake ya mwisho ya kazi, na Ijumaa akafanya kazi bila kula.

Jumamosi asubuhi alikabidhi ufunguo. Mbeba mizigo wa hospitali alikuwa ameshaanza kurudisha magongo, amekumbatia kumi kwa mpigo kama kuni. "Pole, Mwalimu," alisema. "Niliambiwa tu."

"Yapange wima," alimjibu, "yasije yakamwangukia mtu."

Kutoka hospitalini alishika njia ya saluni. Msusi alimkaribisha kwa shangwe, akamwonyesha kioo. Ile karatasi ilikuwa bado pale, juu, imezungushiwa maua ya plastiki.

"Nimekuja kuitoa, dada."

"Uitoe? Hiyo ndiyo inayonikusanyia wateja! Wakikaa wanasoma, wanacheka, wanasahau kwamba nawavuta nywele."

"Ina kasoro. Nimemwahidi mtu."

"Mtu gani?"

"Mteja wako mmoja ana wifi yake wa zimamoto."

Msusi akamtazama, chanuo likiwa limekwama hewani, kisha akavuta stuli kwa mguu na kuisogeza chini ya kioo. "Panda, basi. Lakini ukimaliza utaniambia na mimi hiyo kasoro, maana nakaza tangu mwaka jana."

Mwalimu Kaza akapanda. Gundi ilikuwa imekauka, imeshika kioo kama kucha. Hakutaka kuichana. Akaanza na kona ya chini, upande wa yule mwanamke anayekimbia, akaingiza ukucha, akavuta kidogo, akapumzika, akavuta tena.